Sura na Simulizi katika Picha za Tshibumba Kanda Matulu

Mwaka 1953 Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, alitoa kitabu juu ya michoro ya ukutani ya waganga wa nyoka wa Usukumani. Bayeye hao walichora ndani ya nyumba zao sura za wahenga wa chama chao, pamoja na nyoka, na mwanachama mpya alifundishwa mbele ya sura hizo. Mchoro haukuwa pambo. Ulikuwa nusu ya somo, na nusu nyingine ilikaa kinywani mwa mwalimu. Msomaji aliyekulia Bariadi au Maswa, akiwa amepata kusikia habari hizi kwa wazee, hatatatizika mbele ya kazi za Tshibumba Kanda Matulu. Atakayetatizika ni yule aliyefunzwa kwamba picha hutundikwa ili itazamwe kimya.

Tshibumba alizaliwa mwaka 1947 Elisabethville, mji uitwao sasa Lubumbashi, katika Katanga ya Kongo. Alichora ili auze. Kitambaa chake kilikuwa gunia la unga, na wanunuzi wake walikuwa watu wa mjini waliotaka kitu cha kutundika sebuleni. Soko hilo lilikuwa na mazoea yake: mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki, au Colonie belge, ambamo askari amchapa mfungwa ilhali Mzungu akitazama. Picha za namna hii ya pili ziliitwa ukumbusho, na jina hilo lasema mengi kuliko istilahi za wataalamu. Kati ya mwaka 1973 na 1974 alikutana na Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu huko Lubumbashi. Akamchorea historia ya nchi yake katika picha zipatazo mia moja, na kumsimulia habari zake kwa Kiswahili, maneno yakinaswa katika utepe.

Katika miaka iyo hiyo Andy Warhol alikuwa New York akiirudia sura ya Mao Zedong, kubwa na ndogo, kwa rangi za kila namna. Anayetaka kumwita Tshibumba msanii wa pop hakosi hoja: rangi bapa, maandishi ndani ya picha, sura ambayo kila mtu aijua, na kurudia bila haya. Lakini marudio ya wawili hawa si ya aina moja. Warhol huirudia sura hata ikachakaa, ikawa kama chapa ya bidhaa. Tshibumba huirudia kwa kuwa amekuja mnunuzi mwingine, ambaye nyumbani kwake ukumbusho huo haujafika.

Sura aliyoirudia kuliko zote ni ya Patrice Lumumba. Ikipimwa kwa mizani ya ufanani, ni kazi dhaifu. Mikono imekakamaa, na nyuso za umati zafanana kama punje za mtama. Lumumba mwenyewe hutambulikana kwa miwani, ndevu chache za kidevuni na nywele zilizogawanywa kwa mstari. Alama hizo zatosha. Katika picha ya tarehe 30 Juni 1960 aonekana na minyororo iliyokatika, na mchoraji ameandika kwamba Zaire imepata uhuru, ingawa jina hilo halikuwapo hadi mwaka 1971. Hapa yafaa kumlaumu kidogo, maana alichora chini ya utawala wa Mobutu, na si kila neno lililoandikwa chini ya picha zake lilitoka moyoni mwake.

Lawama hiyo haifiki kwenye picha ya kifo. Lumumba, Mpolo na Okito wamelala chini, damu yamtoka Lumumba ubavuni, na nyuma yao yasimama misalaba mitatu. Waliuawa karibu na Elisabethville tarehe 17 Januari 1961, na maiti zao zikaharibiwa kwa tindikali zisipate kaburi. Jino moja la Lumumba ndilo lililorudishwa na Ubelgiji, mwaka 2022. Mchoraji aliwapa misalaba watu wasiokuwa na kaburi, akafanya hivyo miaka karibu hamsini kabla ya jino hilo kurudi.

Miongoni mwa watu wa historia aliyoichora Tshibumba yumo Msiri wa Garenganze, aliyeuawa Bunkeya tarehe 20 Desemba 1891 na Kapteni Bodson wa msafara wa Stairs. Katanga husimuliwa kwamba kichwa chake kilikatwa na kuchukuliwa. Huyu si mgeni kwa wasomaji wa Simiyu. Alikuwa Msumbwa, mtoto wa mfanyabiashara wa shaba kutoka nchi za Unyamwezi, na lugha ya Wayeke wake ni ndugu wa Kisukuma. Hata hivyo katika shule za Tanzania habari zake ni chache kuliko za Mirambo, kana kwamba mtu akivuka Ziwa Tanganyika huwa amevuka na historia yake.

Waama lawama kubwa yawahusu wanafasihi. Kitabu cha Fabian, kilichotoka mwaka 1996, kiliyaleta masimulizi hayo kwa Kiingereza. Maandishi ya Kiswahili yalitolewa baadaye, na ni nadra kutajwa katika madarasa ya fasihi. Udhuru utolewao ni kwamba Kiswahili cha Katanga ni kibovu, chasema bintu badala ya vitu, na upatanisho wake wa ngeli walegalega. Kwa kipimo hicho hapana budi kuyatupa pia masimulizi ya wazee wengi wa Bariadi, ambao Kiswahili chao huchukua sauti ya Kisukuma. Lugha ya Tshibumba yaweza kueleza uasi, hofu, mzaha na kifo cha mfalme bila kuomba msaada, na yule asomaye kwa sauti husikia mtu aliyepima kila neno lake kwa kuwa alijua utepe wazunguka.

Picha zenyewe zimehifadhiwa Amsterdam. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 mchoraji hakuonekana tena, wala kaburi lake halijulikani.