Asili ya Seli Kinga za Ubongo: Uhakiki wa Istilahi "Seli Nyeupe za Damu"

Makala haya yanahakiki istilahi moja, "seli nyeupe za damu", pamoja na sitiari ya "askari wa mwili" inayoandamana nayo katika maandishi ya afya ya Kiswahili. Istilahi hiyo inapotumiwa kwa seli zote za kinga, inadai kwamba kila mlinzi wa mwili ni mzaliwa wa damu. Kuhusu ubongo, dai hilo si kweli.

Pío del Río-Hortega, aliyezitambulisha mikroglia mwaka 1919, alikwisha kushuku kuwa zinaingia ubongoni kutoka nje. Swali la zinakotoka lilidumu kwa miongo mingi. Mwaka 2010 Florent Ginhoux na wenzake walionyesha, kwa panya, kwamba mikroglia hutokana na seli tangulizi zinazochipuka kabla ya siku ya 8 ya kiinitete, katika mfuko wa kiiniyai, wakati uboho bado haujaumbika. Baadaye hujizalisha zenyewe humo ubongoni.

Kwenye mipaka ya ubongo mambo ni changamano zaidi. Makrofaji nyingi za huko zina asili ya kiinitete pia, lakini zile za tishu inayotengeneza ugiligili wa ubongo hubadilishwa kwa sehemu na seli zitokazo damuni. Tafiti za mwaka 2021, kwa panya vilevile, ziligundua kwamba uboho wa fuvu hupeleka seli kinga kwenye tando za ubongo bila kupitia mzunguko wa damu. Hivyo hata anayesahihisha kwa kuzigawa katika "askari wenyeji" na "askari wageni" atakuwa amerahisisha mno.

Anayeona kosa la jina kuwa dogo na aitazame "homa ya uti wa mgongo": jina linampeleka msikilizaji mgongoni, ilhali tando zinazoshambuliwa zinaufunika ubongo pia.

Je, tukope? "Glia" kwa Kigiriki ni gundi, na mikroglia hazigandishi chochote. Hata hivyo, msemaji wa Kiswahili haisikii gundi hiyo. Kwake neno halidai lolote, na kwa sababu hiyo linafaa. Tunapendekeza "seli kinga" liwe jina la jumla, "mikroglia" libaki lilivyo, na "seli nyeupe za damu" litumike kwa zile zinazozunguka katika damu pekee.