Pongezi kwa Makatibu wa Vikao vya Madiwani

Baraza la madiwani linapokutana, macho yote huelekea kwa meya mwenye joho, na kwa diwani anayesimama kutetea barabara ya kata yake. Pongezi zangu nazipeleka kwa makatibu wa vikao wa halmashauri zetu za Tanzania.

Kazi yao huanza mapema: kukusanya taarifa za idara, kuandaa makabrasha na kuyafikisha kwa madiwani wayasome. Ukumbini husikiliza hoja zinazopishana, kisha huandika kilichoamuliwa, nani atekeleze na kwa fedha zipi. Kikao kinachofuata huthibitisha muhtasari, ndipo huja ajenda ninayoithamini kuliko zote: yatokanayo. Hapo mkurugenzi na wakuu wa idara hueleza ujenzi wa zahanati umefikia wapi, na soko lililoahidiwa limekwama kwa nini. Bila maandishi hayo, ahadi ingesahaulika mara tu kikao kinapofungwa.

Uzito wa maandishi hayo huonekana zaidi kwenye fedha. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwananchi akitaka kujua baraza liliamua nini juu ya fungu hilo, jibu limo kwenye muhtasari.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Makatibu, ninyi ndio washika daftari la miji yetu. Hongereni sana, na halmashauri ziwapatie mafunzo na vitendea kazi mnavyostahili.