Mwanamume Aliyebaki na Nguo Zake

Mnamo Juni 1995, mwaka mmoja baada ya Mandela kushika madaraka, lilitoka Afrika Kusini jarida la Loslyf, la kwanza la picha za utupu katika lugha ya Kiafrikana. Mhariri wake alikuwa Ryk Hattingh, mwandishi wa fasihi. Katika toleo hilo mwanamke aliyeitwa Dina alipigwa picha mwili wazi, na nyuma yake likaonekana jengo la Voortrekkermonument la Pretoria, lililozinduliwa 1949 kuwaenzi Makaburu waliohamia bara kwa magari ya ng'ombe.

Wapo waliousoma ukurasa huo kama uasi, wala hawakukosea kabisa. Kanisa na sheria za udhibiti zilikuwa zimeufunika mwili kwa miongo mingi. Lakini tujiulize: ni nani aliyevuliwa nguo? Ni mwanamke, kama ilivyo ada ya majarida ya namna hii popote. Mwanamume haonekani, yeye ndiye mtazamaji. Ni yule yule wa hadithi za picha za Grensvegter, askari wa mpakani mwenye bunduki na kifua kipana, zilizosomwa enzi ambapo vijana wa Kizungu walilazimishwa kwenda jeshini. Loslyf lilimpa burudani mpya, likamwachia nguo zake na macho yake. Bitterkomix, lililoanzishwa 1992 na Anton Kannemeyer na Conrad Botes, lilithubutu zaidi, kwani lilimgeukia baba mwenyewe na kumvua heshima aliyojivika.

Liko pengo jingine, nalo kwetu watu wa pwani ni zito zaidi. Wengi wa wasemaji wa Kiafrikana si Wazungu. Waislamu wa Cape Town walikiandika kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu walivyoandika tenzi, na kitabu cha fikihi cha Abu Bakr Effendi, Bayan al-Din, kilichapwa Istanbul 1877. Aliyekaa chuoni anajua kwamba mlango wa tohara hauoni haya kuutaja mwili, wa mume na wa mke, kwa majina yake. Basi yapata miaka 118 kabla ya Dina, lugha hiyo ilikwisha kuusema mwili waziwazi, tena bila ya kumdhalilisha mtu. Mwanamume wa kitabu kile, anayetawadha na kusimama safuni, hana picha katika Grensvegter wala hakukusudiwa na Loslyf. Sauti za mitaa ya kwao tunazisikia katika mashairi ya Nathan Trantraal, Chokers en survivors, ya 2013.