"Redio Inayosikilizwa Zaidi": Uhakiki wa Usemi na wa Hesabu Yake

Umezoeleka sana siku hizi, katika magazeti na matangazo ya biashara, na hata katika maandishi ya wataalamu wa lugha, usemi huu: kwamba redio fulani ndiyo "inayosikilizwa zaidi". Kwa sarufi usemi hauna kasoro. Ni kitenzi katika kauli ya kutendwa, na Kiswahili kimeturuhusu tangu zamani kumwacha mtenda bila kumtaja. Lakini lililo halali katika sarufi si lazima liwe timamu katika hoja. Asemaye "inasikilizwa zaidi" hakusema inasikilizwa na nani, wala mahali gani, wala kwa muda gani, wala ikishindana na zipi, wala aliyehesabu alihesabu vipi. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba katika hayo matano yaliyoachwa ndimo ilimo maana yote. Na kwamba sisi tushughulikao na Kiswahili tumekuwa wepesi mno wa kuzichukua hesabu za redio na kuzifanya ushahidi wa nguvu au unyonge wa lugha, jambo ambalo hazikuundwa kulishuhudia.

Yafaa tuanze na Marekani, si kwa kuwa mambo ya huko ni mizani ya mambo yetu, bali kwa kuwa huko hesabu hizi zimefanywa kwa muda mrefu, mji kwa mji, hata tofauti baina ya mji na mji zikadhihirika. Kampuni iliyojulikana baadaye kwa jina la Arbitron ilianzishwa mwaka 1949. Ikapima usikilizaji wa redio kwa miongo mingi, mpaka iliponunuliwa na Nielsen mwaka 2013. Wenye biashara hununua muda wa matangazo kwa kuzitazama hesabu hizo, na kwa hiyo kila fasili iliyomo ndani yake ina thamani ya fedha. Ndiyo sababu fasili hizo zimeandikwa kwa uangalifu kuliko tulivyozoea kuzisoma.

Wapimaji hutofautisha mambo matatu ambayo Kiswahili chetu cha magazeti huyachanganya katika neno moja, "kiwango". La kwanza ni idadi ya watu wote waliofikiwa na kituo katika muda wa juma au mwezi, hata kama kila mmoja alisikiliza dakika chache tu. Tuliite hilo *mkusanyo*. La pili ni sehemu ya wakazi wote wa mji wanaosikiliza kituo hicho katika robo saa ya wastani. Hilo na tuliachie jina la *kiwango*. La tatu ni sehemu ya wale tu ambao redio zao zimefunguliwa wakati huo; hili ndilo litajwalo mara nyingi kuliko yote, na nitaliita *fungu*. Tuchukue mfano wa kubuni. Katika mji wa watu 100,000, saa fulani watu 10,000 wanasikiliza redio, na 1,000 miongoni mwao wamefungua kituo kimoja. Fungu la kituo hicho ni 10 katika mia, lakini kiwango chake ni 1 tu katika mia. Atakayesema "asilimia kumi ya mji humsikiliza mtangazaji huyu" amesema uongo bila ya kukusudia, kwa sababu ya upungufu wa istilahi.

Sasa twaweza kuuliza kwa nini kituo cha namna moja hushika nafasi ya mbele katika mji huu na nafasi ya nyuma katika mji ule. Sababu ya kwanza ni nyepesi nayo husahauliwa: wingi wa washindani. Katika Los Angeles au New York, ambako vituo ni vingi sana, kinachoongoza chaweza kuridhika na fungu la 5 au 6 katika mia. Katika mji mdogo wenye vituo vichache, fungu hilohilo ni dalili ya kushindwa. Mkate ni mmoja, lakini walaji si sawa. Kwa hiyo kulinganisha fungu la mji mmoja na la mji mwingine, bila kwanza kuhesabu vituo, ni kulinganisha vipande bila kujua mkate ulikatwa mara ngapi.

Sababu ya pili ni watu wenyewe na shughuli zao. Katika Washington, mji wa watumishi wa serikali na wa safari ndefu za magari, kituo cha habari tupu, WTOP, kimeongoza mara nyingi. Katika miji mingine mingi habari tupu hazifiki hapo. Muziki wa kantri una vituo vingi katika Marekani kwa jumla, lakini New York ilikaa tangu 1996 hadi 2013 bila kituo kikubwa cha muziki huo mjini. Hapa hatuwezi kusema kwamba kantri ni dhaifu, wala kwamba ni yenye nguvu. Twaweza kusema tu mahali ilipo na nguvu na mahali isipo na nguvu.

Kwa msomaji wa jarida hili, mfano wenye mafunzo zaidi ni wa Los Angeles mwaka 1992. Mwezi wa Agosti mwaka huo kituo cha KLAX, kilichokuwa tayari kikitangaza kwa Kihispania, kilibadili mtindo wake na kuanza kupiga muziki wa ranchera na wa banda, muziki wa wafanyakazi waliotoka Mexico. Hesabu za majira ya vuli zilipotoka, kituo hicho kilikuwa cha kwanza katika mji wote, kikizipita redio mashuhuri za Kiingereza, na wengi katika biashara hiyo walikataa kuamini. Yafaa tuitazame hoja hii vizuri. Wasemao Kihispania hawakuhamia Los Angeles katika miezi ile michache, walikuwapo. Lugha ya kituo pia haikubadilika. Kilichobadilika ni muziki, na pamoja nao namna ya kusema ya watangazaji, ambao sasa walizungumza kama wasikilizaji wao walivyozungumza nyumbani na kazini. Basi hesabu ile haikupima "Kihispania". Ilipima Kihispania cha nani.

Sababu ya tatu ni chombo cha kupimia. Kwa miaka mingi Arbitron iliwapa watu vijitabu, wakaandika wenyewe kwa juma moja walichosikiliza. Kijitabu hupima kumbukumbu, na kumbukumbu hupendelea jina lililozoeleka: mtu humwandika mtangazaji ampendaye hata kwa saa alizokuwa hamsikilizi. Mwaka 2007, kuanzia Houston na Philadelphia, vijitabu viliondolewa katika miji mikubwa, na mahali pake kikawekwa chombo kidogo cha kubebwa mwilini, kinachonasa alama zilizofichwa katika sauti ya kila kituo. Mara mkusanyo wa vituo vingi ukapanda, na muda wa kusikiliza ukashuka. Vituo vya Wamarekani weusi na vya wasemao Kihispania vilipata hasara kubwa. Wenyewe wakalalamika kwamba watu waliochaguliwa kubeba chombo hawakuiwakilisha jamii yao sawasawa. Mwezi wa Oktoba 2008 Mwanasheria Mkuu wa Jimbo la New York aliishtaki kampuni, na mwezi wa Januari 2009 wakapatana kwa sharti la kurekebisha uteuzi wa watu. Tena mwaka 2025 Nielsen ilibadili kanuni katika miji ya chombo hicho: aliyesikiliza dakika tatu katika robo saa sasa huhesabiwa, ambapo zamani zilitakiwa dakika tano. Hesabu zikapanda kwa sababu ya fasili, bila kuhitaji msikilizaji mpya hata mmoja.

Baada ya hayo tuirudie Afrika ya Mashariki, ambako madhara ya usemi wetu ni makubwa zaidi, kwa kuwa nyuma yake kuna siasa ya lugha. Husikika hoja mbili zinazopingana. Ya kwanza hutazama Kenya, ambako tangu Kameme FM ilipoanza mwaka 2000 kutangaza kwa Kikuyu zimezaliwa redio nyingi za lugha za makabila, na husema kwamba Kiswahili kinarudi nyuma, kwa kuwa katika sehemu nyingi redio iongozayo ni ya lugha ya wenyeji. Ya pili hutazama Tanzania, ambako redio zote kubwa hutangaza kwa Kiswahili, na husema kwamba huko Kiswahili kimeshinda. Hoja zote mbili huchukua nafasi ya vituo na kuiita nafasi ya lugha.

Tuchukue tena mfano wa kubuni. Katika wilaya moja, redio moja ya lugha ya wenyeji ina fungu la 20 katika mia. Redio nne za Kiswahili zina 12 kila moja. Katika orodha, lugha ya wenyeji ni ya kwanza, na Kiswahili kinaonekana kuanzia nafasi ya pili hadi ya tano. Lakini ukijumlisha, Kiswahili kina 48. Hali ya namna hii si ya kufikirika tu kwa Kenya, kwa maana Radio Citizen, Radio Jambo, Milele FM na nyinginezo hugawana wasikilizaji wa lugha moja, ilhali msemaji wa Kijaluo ana vituo vichache vya kuchagua. Lugha yenye redio nyingi yaweza kukosa kuongoza kwa sababu hiyohiyo ya kuwa na redio nyingi.

Pili, fungu haliwezi kumwona mtu wa lugha mbili. Mkulima wa Murang'a asikilizaye Inooro asubuhi na habari za Kiswahili jioni hugawanywa na fungu kama kwamba ni watu wawili washindanao. Mkusanyo ndio unaoweza kuonyesha kwamba ni mtu mmoja mwenye redio mbili, wala hakuhama lugha yoyote. Kwa mtafiti wa jamii yenye lugha nyingi, hiyo ndiyo hesabu ya kutafutwa, nayo ndiyo isiyotangazwa sana, kwa sababu haina mshindi.

Ama kuhusu Tanzania, jambo ni wazi zaidi. Kanuni za utangazaji za nchi hiyo hutaka vituo vitumie Kiswahili au Kiingereza. Basi uongozi wa redio za Kiswahili huko ni tunda la sheria na la historia ndefu ya taifa, wala si matokeo ya mashindano na Kisukuma au Kihaya hewani. Sisemi kwamba sheria hiyo ni mbaya. Nasema kwamba mkimbiaji aliyekimbia peke yake hatupewi mbio zake kuwa ushahidi wa kasi yake.

Tatu, kama tulivyoona katika Los Angeles, hata ndani ya Kiswahili imetupasa kuuliza ni Kiswahili cha nani. Ghetto Radio ya Nairobi, inayotangaza kwa Sheng, na Pwani FM ya Mombasa huwekwa katika safu moja ya "Kiswahili" na mpimaji asiyekuwa mwanaisimu. Ikipanda ya kwanza na kushuka ya pili, jumla haitabadilika, na jambo kubwa litakuwa limetokea bila kuonekana.

Pengine ataulizwa mwandishi: je, hesabu hizi basi hazifai? Zafaa, lakini kwa kazi yake. Zafaa kukilinganisha kituo kimoja na hali yake ya jana, mahali palepale, kwa chombo kilekile. Zafaa mwenye duka anayetaka kujua aweke tangazo lake wapi. Hazifai kuamua kama lugha inakua au inakufa, mpaka tumeongeza mambo manne: jumla ya vituo vya kila lugha katika eneo, mkusanyo pamoja na fungu, lugha ambayo msikilizaji aliulizwa kwayo, na sheria inayotawala nani aweza kutangaza kwa lugha gani. La tatu hulipuuza wengi. Mzee anayeulizwa kwa ujumbe wa maandishi wa Kiswahili katika simu, naye hasomi, hayumo katika hesabu. Na huenda ndiye asikilizaye redio ya lugha yake kutwa nzima.

Kwa hiyo naona yapasa wahariri wetu na wasimamizi wa tasnifu waukatae usemi "redio inayosikilizwa zaidi" kila unapoletwa peke yake kuwa ushahidi. Mwandishi na arudishiwe karatasi yake, aandike mtenda: inasikilizwa na nani, wapi, kwa muda gani, ikishindana na zipi, kwa hesabu ya namna gani. Akiweza kuyajibu hayo, atakuwa na jambo la kutuambia kuhusu Kiswahili. Asipoweza, alilonalo ni tangazo la biashara, na mahali pake ni gazetini.