Daftari Kabla ya Insha

Nampongeza mwalimu wa fasihi asiyewakaririsha wanafunzi miongozo. Karatasi ya tatu ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE ina alama 80 kwa saa mbili na nusu, na kishawishi cha kumeza maudhui na sifa za wahusika ni kikubwa mno. Yeye huanza na daftari: kila sura ikisomwa, mwanafunzi anaandika kilichomgusa, kilichomkera, na ukurasa wake.

Chukua Utengano ya Said Ahmed Mohamed, riwaya ya 1980. Mwanafunzi mmoja ameandika kwamba Maimuna alijiponza mwenyewe kwa kutoroka nyumbani. Mwenzake anamkatiza: na aliyemfungia ndani je? Wanarudi kitabuni, wanamfuata Maksuudi, baba na mwanasiasa, hadi waone ukali wa nyumbani na uchu wa madaraka vikikutana. Mwalimu hatoi hukumu. Anauliza tu, “Ushahidi uko ukurasa gani?” Swali hilo, kwangu, linashinda miongozo yote iliyojaa madukani.

Insha ikija kuandikwa, hoja imeshapingwa na kutetewa. Na kwa mwalimu, kuyasoma madaftari ya darasa zima ni kazi ya usiku, tena haina malipo.