Zima Kinanda Kwanza

Anayetaka kujua kama mafunzo ya likizo ya Juni yamewafaa vijana wa kwaya asihukumu kwa tamasha la kufunga. Nyimbo za tamasha zimerudiwa mpaka zimekaririwa, hivyo hupima uvumilivu wa mwalimu kuliko uwezo wa mwanafunzi. Tena kinanda cha umeme kina biti zake tayari: kijana akibonyeza kitufe, ngoma na gitaa la besi hujiendesha, na sebene tamu, iwe ya Tunduma au ya Nakonde ng'ambo ya mpaka, humfunika alto anayeiga soprano. Kwa hiyo kizimwe kwanza. Waandikiwe ubaoni wimbo mfupi wasioujua, kwa solfa, sauti zote nne, kisha kila sauti iimbe peke yake. Sikiliza hasa alto, kwa maana soprano huokolewa na utamu wa tuni. Baada ya ubeti wa tatu, washa kinanda upige noti waliyoanzia. Kwaya iliyofundwa itakuwa bado ipo pale, au karibu sana. Kwa wanaotunga, angalia maneno: mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na tuni inayolisukuma pigo zito kwenye silabi nyingine humlazimisha msikilizaji kukisia neno.

Wapo watakaosema solfa ni ya kigeni, na wazee waliimba vizuri kwa sikio tu. Ni kweli kwamba John Curwen aliieneza huko Uingereza katika karne ya 19, na padri Stephen Mbunga aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1963, kuutetea muziki wa Kibantu kanisani. Lakini sikio na maandishi si maadui. Wamoravian walifika Mbozi mwaka 1899. Tangu hapo, tuni ngapi za huko zimepotea pamoja na waliozitunga kwa kuwa hazikuandikwa? Solfa haihitaji umeme wala fedha nyingi, chaki inatosha, na ngoma ya Kinyiha ya huko Mbozi huandikika kwayo (midundo yake, nakiri, husumbua). Wengine watalalamika kwamba siku za likizo ni chache. Basi wimbo uwe wa mistari minne, lakini kijana aufundishe mwenyewe kwa wenzake. Kamati inayolipa nauli na chakula idai jaribio hilo lifanyike hadharani kabla ya vyeti kugawiwa.