Kicheko cha Watazamaji: Uhakiki wa Filamu za Mafunzo na Hadhira Yake ya Nairobi

Kicheko ni hukumu. Mtu anayecheka amekwisha kupima jambo, akaona tofauti baina ya linavyojidai na lilivyo. Kwa sababu hiyo uhakiki wa sanaa za maonyesho hauwezi kupuuza kicheko cha hadhira na kukihesabu kuwa kelele tu za ukumbini. Makala haya yanakusudia kuchunguza kicheko cha aina moja, nacho ni kile kinachozuka marafiki wa mjini Nairobi wanapoketi pamoja, iwe Kangemi, Kawangware au katika chumba cha ghorofani karibu na River Road, wakatazama filamu na kanda kuukuu za mafunzo: jinsi ya kuchimba choo, jinsi ya kuweka akiba, jinsi ya kunawa mikono. Mafunzo hayo yalitolewa kwa uzito mkubwa, lakini hadhira hii huyapokea kwa kicheko. Swali la kujiuliza ni hili: wanamcheka nani?

Ili kulijibu, yafaa kwanza itazamwe asili ya filamu zenyewe. Kati ya 1935 na 1937 uliendeshwa katika Afrika ya Mashariki na ya Kati mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Waongozi wake walikuwa L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia mashamba ya mkonge, na G. C. Latham, aliyekuwa ofisa wa elimu. Fedha nyingi zilitoka kwa Shirika la Carnegie la Marekani, na Baraza la Kimataifa la Misheni nalo lilihusika. Mradi huo ulitengeneza filamu 35, na lori lake likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Maelezo yalirekodiwa katika santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo, yachezwe sambamba na picha. Baadaye, mwaka 1939, Serikali ya Uingereza iliunda Colonial Film Unit, iliyodumu hadi 1955, chini ya uongozi wa William Sellers. Filamu zake nyingi zilionyeshwa bila sauti, na mkalimani akasimama kando ya turubai akiwaeleza watu kwa lugha yao.

Muundo wa filamu hizi ni rahisi kuutambua. Katika Post Office Savings Bank, filamu mojawapo ya mradi wa Vugiri, wafanyakazi wawili wanapokea mshahara. Mmoja anaupeleka posta, wa pili anauzika ardhini na mwizi anauchukua. Katika Mr. Wise and Mr. Foolish Go to Town, iliyotengenezwa Afrika ya Kusini katika miaka ya 1940 kuhusu maradhi ya zinaa, hukumu imekwisha kutolewa katika majina: mmoja ni Mwerevu, mwingine ni Mpumbavu. Mtazamaji haachiwi kazi yoyote ya kufikiri, kwani anajua mwisho kabla ya mwanzo.

Hapa ndipo penye kasoro ya kwanza ya kifani, nayo ni kasoro inayochekesha. Msikilizaji wa ngano za Kiafrika amezoea uwili wa namna hii, lakini amezoea uwe na maana nyingine. Katika ngano, mwerevu ni Sungura. Yeye ni mdogo, hana nguvu, na werevu wake ni kumpiku Fisi au Simba aliyemzidi ubavu. Hamtii mkubwa, bali humzunguka. Filamu ya mafunzo imelichukua umbo hili na kuligeuza ndani yake: mwerevu ni yule anayefanya alivyoambiwa, na mpumbavu ni yule anayetumia akili zake mwenyewe. Werevu umefanywa kuwa utiifu. Mtazamaji aliyelelewa na hadithi za Sungura anapouona werevu wa namna hiyo hana budi kucheka, kwa kuwa ameletewa Sungura asiye na hila hata moja.

Kasoro ya pili ni ya maudhui. Mtu anayezika fedha zake ana sababu: posta iko mbali, karani haongei lugha yake, na mshahara wenyewe ni kidogo kiasi kwamba utakuwa umekwisha kabla ya safari ya pili. Filamu haimwulizi. Mradi huohuo ulitengeneza filamu kuhusu kodi, lakini uhusiano baina ya kodi, kazi ya mashambani na mshahara mdogo haukuweza kuonyeshwa, maana kuuonyesha kungekuwa kuufichua msingi wa ukoloni wenyewe. Basi umaskini ukafanywa kuwa tabia ya mtu mmoja mpumbavu. Kwa hiyo hadhira inayocheka mwizi anapofukua zile fedha haimcheki mwenye fedha tu. Yawezekana inaucheka ufinyu wa jicho lililoiona dunia hivyo.

Kuhusu jicho hilo, iko habari mashuhuri inayostahili kuhakikiwa upya. John Wilson, wa Chuo Kikuu cha London, alisimulia, na Marshall McLuhan akaieneza habari hiyo katika kitabu chake cha 1962, kwamba hadhira moja ya Kiafrika ilionyeshwa filamu ya polepole kuhusu kuondoa maji yaliyotuama majumbani. Walipoulizwa wameona nini, wakajibu kwamba wameona kuku. Watengenezaji hawakujua kwamba kulikuwa na kuku. Ikawabidi waipitie filamu picha moja moja, na kweli wakamkuta, amepita pembeni kwa muda wa kama sekunde moja. Habari hii imerudiwa mara nyingi kama ushahidi kwamba Mwafrika wa kijijini hajui kuitazama picha. Sellers naye alijenga juu ya imani ya aina hiyo kanuni zake za utengenezaji: filamu iende polepole, isiruke kutoka jambo hadi jambo, isiwe na ujanja wowote wa kamera.

Lakini isomwe tena habari hiyo kwa makini. Ni nani aliyeona na ni nani ambaye hakuona? Waliotengeneza filamu, walioipiga, wakaikata na kuiunga, hawakumwona kuku. Waliomwona ni watazamaji, tena kwa mtazamo mmoja tu. Jambo linalodaiwa kuwa upungufu wa hadhira ni upungufu wa msanii. Kuku ndiye kiumbe pekee aliyekuwa mle kwa hiari yake, ambaye hakuelekezwa na mtu. Na hii ndiyo tabia ya kicheko cha marafiki wa Nairobi mbele ya kanda kuukuu. Hawamfuati mwalimu anayeonyesha sabuni. Wanamwona mtoto aliyechungulia dirishani, mzee aliyesahau kwamba ameshakufa katika onyesho lililopita, mwigizaji anayeikodolea macho kamera akingoja aambiwe aendelee. Wanamtafuta kuku. Kutafuta hivyo ni kusoma, tena ni kusoma kwa makini kuliko kule walikotakiwa kusoma.

Isidhaniwe kwamba mafunzo na kicheko ni maadui wa asili. Magharibi ya Nairobi ina ushahidi wa kutosha wa kinyume chake. Shule ya Jeanes ya Kabete, iliyoanzishwa 1925, mahali ambapo leo pana Chuo cha Serikali cha Kenya, ilifundisha walimu wa vijijini kwa njia ya mifano na maonyesho. Mbele kidogo, Kikuyu, wanafunzi wa Shule ya Upili ya Alliance waliandika na kuigiza michezo ya Kiswahili ambayo baadhi yake ilichapishwa, kama vile Nakupenda, Lakini... ya Henry Kuria (1957). Graham Hyslop, Mwingereza aliyeshughulikia muziki na maigizo nchini Kenya, naye alitoa Afadhali Mchawi mwaka huohuo. Wahakiki wamezoea kuiita michezo hiyo vichekesho vyepesi visivyogusa misukosuko ya wakati wa Hali ya Hatari, na lawama hiyo ina haki yake. Hata hivyo ipo tofauti isiyofaa kusahauliwa. Katika mchezo wa Kuria, vijana waliokuwa jukwaani walijua kwamba wanachekesha. Kicheko kilikuwa mikononi mwao. Katika filamu ya mafunzo mwigizaji hakuwa na uwezo huo: alichekwa bila kuchekesha.

Mapokeo hayo ya kufunza kwa kuchekesha yaliendelea katika televisheni. Vioja Mahakamani, mchezo ulioanza katika Sauti ya Kenya miaka ya 1970, una umbo lilelile la filamu ya mafunzo: kosa, ushahidi, na hukumu yenye funzo. Lakini mshtakiwa, awe Ondiek Nyuka Kwota, Makokha au Masaku, anapewa kinywa. Anajitetea kwa Kiswahili chenye lafudhi ya kwao, anaipinda sheria, anamchosha kiongozi wa mashtaka. Mpumbavu amekuwa Sungura tena. Hata akihukumiwa, watazamaji wamekwisha kuwa upande wake.

Mageuzi makubwa zaidi ni yale ya kiti cha msimulizi. Katika siku za lori la sinema, kiti hicho kilikuwa cha mamlaka. Picha ilitoka kwa wakubwa, na mkalimani aliwekwa aifikishe kwa watu bila kuongeza wala kupunguza. Katika vibanda vya video vya mitaa ya Nairobi kiti hicho kimekaliwa na mtu mwingine. DJ Afro, aliyepata umaarufu mkubwa nchini Kenya kwa kusimulia filamu za Marekani, India na Hong Kong, hafasiri maneno ya waigizaji. Huwapa majina mapya, huwaleta katika mitaa inayojulikana, huwakejeli, na huwaonya kama jamaa zake. Humo neno “staring” lina maana yake ya mitaani ya shujaa asiyekufa kabla ya filamu kwisha. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, na Uganda ina VJ Jingo. Mkalimani aliyekuwa mtumishi wa picha amekuwa bwana wake. Karibu na hao wapo watengenezaji wa River Road, ambao tangu mwanzo wa karne hii wametoa video nyingi za gharama ndogo kwa Kigikuyu, Kiswahili na lugha nyingine, na kuwapa umaarufu wachekeshaji kama Machang'i na Kihenjo. Marafiki wanaotazama kanda kuukuu ya mafunzo na kuizungumzia kwa sauti, kila mmoja akiongeza lake, wanafanya kazi ya mapokeo hayohayo. Wamemwondoa msimulizi wa santuri na kukikalia kiti chake.

Pamoja na hayo, uhakiki utakuwa na upofu ukikisifu kicheko hiki bila kipimo. Yapo mambo mawili ya hatari ndani yake.

La kwanza ni kwamba yaweza kuwa kicheko cha tabaka. Kijana wa Westlands anayemcheka mkulima aliyevaa shuka na kushangaa mbele ya mfereji wa maji hachekani na msanii wa kikoloni. Amekaa naye kiti kimoja. Jicho lake ni jicho la Vugiri. Tena ni jambo la kuhuzunisha kwa kuwa mkulima yule aweza kuwa babu yake. Hata baadhi ya vichekesho vya River Road haviko mbali na kosa hili, pale mshamba anapofanywa kuwa kichekesho kwa ushamba wake tu, mbele ya hadhira ambayo nusu yake imeshuka basi juzi kutoka shamba. Wahenga walisema hujafa hujaumbika.

La pili ni kwamba funzo lenyewe laweza kuwa la kweli. Tropical Hookworm, filamu ya 1936, ilisema kwamba minyoo ya safura huingia mwilini kwa ngozi ya nyayo na kwamba choo ni kinga. Hilo lilikuwa kweli wakati ule na ni kweli hadi leo katika mitaa ambayo choo kimoja hutumiwa na nyumba nyingi. Ubaya wa filamu haukuwa katika kusema “chimbeni choo”, bali katika kudai kwamba choo kimekosekana kwa sababu ya ujinga peke yake. Kicheko kinachotupa choo pamoja na dharau ya mwalimu kimepotea njia. Kicheko cha kweli huchukua choo na kuirudisha dharau kwa mwenyewe.

Haya yote yanahitaji kitu cha kutazamwa. Kati ya filamu 35 za Vugiri, zinajulikana kubaki tatu tu, nazo zimehifadhiwa London na Taasisi ya Filamu ya Uingereza. Waigizaji wake walikuwa watu wa Afrika ya Mashariki, na majina yao hayajulikani kwa watazamaji wa leo. Kanda za video za miaka ya baadaye zina hatari yake nyingine: utepe wa sumaku huchakaa, sauti na picha hufifia, na mashine za kuuchezea hazitengenezwi tena. Idara za lugha zimekusanya ngano, methali na tenzi kwa bidii. Kiswahili cha msimulizi wa filamu za mafunzo, cha mkalimani wa lori na cha kibanda cha video hakijapata mkusanyaji wa namna hiyo, ingawa ndani yake mna historia ya jinsi watu walivyosemeshwa na jinsi walivyojibu. Kazi ya kwanza ingekuwa ndogo: kuandika neno kwa neno yale yanayosemwa katika kanda zilizobaki majumbani, na kando yake, katika safu ya pili, kuandika yale yanayosemwa na wanaozitazama. Safu hiyo ya pili isiachwe kwa kuwa ni mzaha. Humo ndimo atakamopatikana kuku.